Es ya Skolastika

Nasahihisha madaftari ya Kidato cha Kwanza B,
arobaini na saba. Umeme umekatika mtaa mzima wa Mwanga,
tochi ya simu nimeiegemeza kwenye kikombe cha chai iliyopoa.
Kazi niliyotoa Ijumaa ilikuwa nyepesi, nilidhani:
umoja na wingi, kisha jina linalofafanua jina,
sentensi tano kuhusu watu wa nyumbani.

Niliwaambia, chaki ikinichafua suruali:
kwetu wingi huingia kwa mlango wa mbele,
mtu, watu; kichanja, vichanja;
unaupokea kabla hujajua ni nani aliyekuja.
Kwa Mwingereza wingi hupitia uani,
husubiri neno liishe ndipo itiwe es,
kama mgeni anayebisha hodi watu wakishalala.
Wapo wasiofuata. Mtoto wake akipata mwenzake
wanakuwa childreni, panya hubadili irabu tumboni,
na kondoo, awe mmoja au zizi zima, ni kondoo yuleyule.
"Kama dagaa," akasema Festo Gwimo kutoka nyuma.
Darasa likacheka, ila alikuwa sahihi.
Nani aliwahi kununua dagaa mmoja?

Halafu nikachora koma mbili ubaoni.
Bwana Rukiza, koma, fundi cherehani, koma, anaishi Gungu.
Majina mawili, mtu mmoja.
Ukilitoa lile la katikati, nikasema, sentensi haianguki.
Nikarudia, nikijiamini:
haianguki.

Daftari la thelathini na moja. Skolastika Ntakije.
Mwandiko umelalia kulia, kama matete yaliyozoea upepo.
Mama yangu, muuzaji wa dagaa, anaamka saa kumi.
Vizuri. Ila kwenye muuzaji ametia es.
Mama mmoja, wauzaji.
Kalamu nyekundu ikaikata bila hata kuniuliza.

Sentensi ya pili:
Baba yangu, fundi wa injini za boti,
na hapo pana koma,
na baada ya koma hapana kitu,
mstari mtupu hadi pambizoni.
Nikaandika: Malizia.

Ndipo nikakumbuka.
Machi alivuka kwenda Kalemie kutengeneza injini ya mtu.
Kwao hawakuweka matanga,
wala hawakupika pilau ya kumpokea.
Kitenzi kinadai wakati. Anatengeneza? Alitengeneza?
Nilimwomba mtoto achague, kwa alama mbili.

Koma, kwa lugha yetu, ni amri pia.
Mama humwambia mwanawe: ukome.
Na huyu akakoma, palepale,
wino umevimba kidogo mahali ncha ilipongoja.

Jumamosi nilikwenda Kibirizi kununua sado ya dagaa.
Nilimwona mama yake kwenye vichanja:
mkono mmoja unageuza, mwingine unafukuza kunguru,
simu imebanwa begani, mchuuzi wa Kahama anashusha bei
naye anaipandisha, mtoto mgongoni analia
naye anamwimbia katikati ya bei.
Nikajaribu kumhesabu.
Nilipata zaidi ya mmoja, nikaanza upya.

Kanuni ni kanuni: jina na mfafanuzi wake
lazima walingane, mmoja kwa mmoja.
Mtihani wa taifa hauji Kibirizi.
Mkato mwekundu juu ya es nimeuacha,
ndiyo kazi inayonilipa mshahara.
Lakini lile Malizia nimelipaka wino
mpaka halisomeki, limekuwa kidonda cha mviringo,
na kesho atauliza, Mwalimu, hapa chini paliandikwaje?
Sijui nitamjibu nini.

Yamebaki madaftari kumi na sita.
Chai imeingia mdudu. Wadudu. Sioni vizuri.